Kati ya Saa Nne na Saa Nane za Usiku

Kwa zaidi ya miaka mia moja, mtu aliyetaka kujua kama damu yake ina vimelea vya matende alilazimika kukesha. Mchana damu hiyo ilionekana safi, na mtaalamu aliweza kuichungulia kwa hadubini kutwa nzima asione kitu. Ilipofika saa nne za usiku, tone moja kutoka ncha ya kidole lilijaa vinyoo vyembamba vinavyojinyonganyonga. Baada ya saa nane vilianza kuadimika, na jogoo alipowika vilikwisha toweka. Ndiyo maana watafiti waliopita vijiji vya Tanga katika karne ya ishirini waliingia gizani na taa zao, vioo vyao na daftari la majina, wakagonga milango na kuomba vidole vya watu waliokwisha lala. Haya yalifanyika katika nchi ambamo habari za mumiani, yaani watu wanaodaiwa kuwavizia wenzao na kuwanyonya damu, zilikuwa zimetapakaa tangu ukoloni. Mganga wa serikali alimhitaji mkubwa wa kijiji kuliko alivyoihitaji hadubini.

Ratiba hiyo ya usiku ina sababu. Vinyoo hivyo vichanga, mikrofilaria kwa lugha ya maabara, haviwezi kukomaa ndani ya mtu aliyevizaa. Lazima kwanza vimezwe na mbu, na mbu wanaovibeba huku Korogwe na Handeni, wilaya mbili za Tanga, huuma usiku. Mchana vinyoo hukaa kwenye mishipa midogo ya mapafu. Usiku husogea kwenye damu iliyo karibu na ngozi. Katika visiwa vya Polynesia, ambako mbu wanaoeneza ugonjwa huohuo huuma mchana, vinyoo hupatikana kwenye damu mchana pia. Mwaka 1881 daktari Stephen Mackenzie wa London alimlaza mgonjwa wake mchana na kumkesheza usiku; baada ya siku chache vinyoo navyo vikageuza zamu.

Mnyoo mzima huitwa Wuchereria bancrofti. Jike ana urefu wa sentimita nane hadi kumi na wembamba wa uzi wa kushonea. Dume hafiki hata nusu ya urefu huo. Huishi wamesokotana ndani ya mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na jike huweza kuishi miaka mitano au zaidi akimwaga maelfu ya vinyoo kila siku. Mishipa ikilegea na kuharibika, majimaji hukwama. Mgonjwa huanza kwa homa za mara kwa mara na mitoki ya kinena. Miaka inapopita mguu huvimba, ngozi ikakomaa na kufanya mikunjo, ndiyo matende. Au maji hujaa kwenye mfuko wa korodani, ndiyo mabusha. Pwani ya Afrika Mashariki mabusha ndiyo mengi zaidi, na ndiyo yanayofichwa zaidi.

Ugonjwa huu haukuletwa na reli wala na mashamba ya mkonge. Mwaka 1857 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walitoka Pangani, wakaufuata mto kupitia nchi ambayo leo ni Korogwe, wakapanda hadi Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara. Katika kitabu chake juu ya Zanzibar, kilichotoka mwaka 1872, Burton aliandika jinsi mabusha na matende yalivyokuwa ya kawaida kisiwani, kwa watu wa kila tabaka. Wenyeji walikuwa na maelezo yao. Wengine walilaumu unywaji wa madafu, wengine mshipa wa ngiri, wengine mkono wa mtu.

Ni rahisi kuyacheka maelezo hayo hadi mtu asome yale ya wataalamu wenyewe. Patrick Manson, daktari Mskoti aliyefanya kazi Amoy nchini China, alimlaza mfanyakazi wake Hin Lo, aliyekuwa na vinyoo kwenye damu, ndani ya chumba cha mbu mwaka 1877. Asubuhi wasaidizi walikusanya mbu walioshiba, na Manson akawapasua mmojammoja. Aliona kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona: vinyoo vilikuwa vinakua ndani ya mdudu. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza kwamba mdudu anayefyonza damu anaweza kulea ugonjwa wa mtu, na ndio uliomfanya baadaye amsukume Ronald Ross atafute vimelea vya malaria ndani ya mbu. Lakini Manson aliamini kwamba mbu huuma mara moja tu, hutaga, kisha hufa majini, na kwamba mtu huambukizwa kwa kunywa maji hayo. Aliishikilia imani hiyo zaidi ya miaka ishirini. Ni mwaka 1900 ndipo George Carmichael Low, akichunguza London mbu waliotumwa kutoka Australia, alipoviona vinyoo vimejipanga ndani ya mrija wa mdomo wa mbu, tayari kutoka. Mzee wa Pangani aliyelaumu madafu na bingwa wa Uingereza aliyelaumu maji ya kunywa hawakupishana sana.

Safari ya mnyoo ndani ya mbu inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu historia yote ya ugonjwa huu katika bonde la Pangani inategemea udhaifu wa safari hiyo.

Mbu jike anapofyonza damu usiku humeza vinyoo vyenye urefu wa karibu robo ya milimita. Ndani ya saa chache vinyoo huvua ala yao, hupenya ukuta wa tumbo la mbu na kukimbilia kifuani, kwenye misuli inayoendesha mabawa. Humo ndani ya nyuzi za misuli hufupika, hunenepa, hujivua ngozi mara mbili, kisha hurefuka tena hadi kufikia milimita moja na nusu. Kazi hiyo huchukua siku kumi hadi kumi na nne penye joto la kutosha; kwenye baridi huchelewa. Kisha huondoka misulini, hupita shingoni na kuingia kichwani na kwenye mdomo. Mbu anapouma tena, vinyoo hupasua ncha ya mdomo na kudondokea juu ya ngozi ndani ya tone dogo la majimaji. Havichomwi mwilini pamoja na mate kama vimelea vya malaria. Vinapaswa vyenyewe kulitafuta tundu aliloliacha mbu kabla tone halijakauka, na vingi hufia hapohapo juu ya ngozi.

Mbu naye hulipa. Misuli yake ya kurukia imeliwa, tumbo lake limetobolewa, na akimeza vinyoo vingi mno hufa kabla havijakomaa. Kwa hiyo mtu mwenye vinyoo vingi kupita kiasi kwenye damu huweza kuua mbu badala ya kuwaambukiza.

Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba mnyoo hauongezeki ndani ya mbu. Kimelea cha malaria kikiingia kwenye mbu huzaana hadi kufikia maelfu. Mnyoo wa matende ukiingia mmoja hutoka mmoja, tena kama haukufia njiani. Na hata ukifika kwa mtu, hauna faida mpaka wa jinsia nyingine nao ufike, wakutane ndani ya mishipa ya mwili uleule, wazae. Mwaka 1968 Nelson Hairston na Botha de Meillon walipiga hesabu kwa takwimu za Rangoon, Burma, wakakadiria kwamba inahitajika mtu aumwe na mbu wenye vinyoo vilivyokomaa karibu mara 15,500 ili apate maambukizi mapya ya kuonekana kwenye damu. Mgeni wa wiki mbili hana haja ya kuogopa matende. Huu ni ugonjwa wa mtu aliyelala kwenye nyumba ileile, karibu na maji yaleyale, mwaka baada ya mwaka.

Korogwe ilikuwa na vyote viwili, maji na watu wa kukaa. Mto Pangani unapita hapo, na Luengera unaungana nao ukitoka Usambara. Mabonde yake hubaki na madimbwi na majani ya majini hata kiangazi, makazi anayoyapenda mbu *Anopheles funestus*, mmoja wa jamii ya anofelesi wanaoubeba mnyoo huu. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida; iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoizunguka Korogwe: Magunga, Ngombezi, Mazinde na mengine mengi. Manamba, vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka Songea, Kigoma na hata Msumbiji, wakalala kwenye makambi ya vyumba vya mstari. Mashine za korona zilizokuwa zikichakata mkonge zilimwaga maji machafu siku nzima, na maji machafu hupendwa na jamaa mwingine, kuleksi, mbu wa mitaro na vyoo.

Handeni ni nchi ya namna nyingine. Iko nyuma ya milima, mito yake mingi hukauka, na maisha ya Wazigua yamezungukia malambo na visima kwa muda mrefu. Mvua ikinyesha, *Anopheles gambiae* hutaga hata kwenye alama ya kwato iliyojaa maji. Mvua ikikata, mbu hupungua kwa kishindo. Maji yaliyowekwa kwenye mitungi na mapipa ndani ya ua hulea mbu wengine, lakini si hao wa mnyoo huu. Ukitazama jinsi mnyoo unavyohitaji mbu aumaye mwaka mzima, utaona kwa nini bonde la Pangani liliufaa kuliko nyika ya Handeni.

Historia ya wadudu wa Handeni imewahi kuandikwa, ingawa mdudu aliyepewa nafasi alikuwa mbung'o. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya kaskazini mashariki mwa Tanzania, alionyesha kwamba kabla ya ukoloni vijiji vya Uzigua viliweza kufyeka vichaka na kufuga, na kwamba njaa za miaka ya 1890, kodi na kuondoka kwa vijana kwenda mashambani vilivunja uwezo huo. Vichaka vikarudi, mbung'o wakarudi navyo, ng'ombe wakafa. Kwa mbu, ng'ombe ana maana yake. *Anopheles arabiensis*, ndugu wa karibu wa gambiae, humuuma ng'ombe kwa urahisi kama anavyomuuma mtu, na vinyoo vya matende havina maisha ndani ya ng'ombe.

Maarifa ya mbu wa eneo hili yalijengwa milimani, Amani, si katika miji hii miwili. Wajerumani walifungua kituo chao cha mimea na kilimo huko mwaka 1902, Waingereza wakakirithi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kitengo cha malaria kilichoanzia Muheza chini ya Donald Bagster Wilson kikahamia kwenye majengo hayo. Wataalamu wa Amani walikuwa watu wa malaria, na mnyoo wa matende waliukuta tu walipokuwa wakipasua mbu kutafuta kitu kingine. Hali hiyo imeendelea karibu historia nzima ya ugonjwa huu: silaha nyingi zilizoupiga zililengwa kwingine. Kuna waliouwinda wenyewe, bila shaka. Peter Jordan, aliyefanya kazi katika kitengo cha utafiti wa filaria kilichokuwa Mwanza, alizunguka Tanganyika akipima damu za usiku, na mwaka 1956 akachapisha matokeo ya majimbo ya Mashariki, Tanga na Kaskazini. Mwaka 1971 Graham White wa Amani alitoa makala juu ya mbu gani hasa hueneza mnyoo huo kaskazini mashariki mwa Tanzania.

Lakini kazi iliyoufaa utafiti wa matende kuliko zote pengine ni ile ya Mick Gillies na Tom Wilkes, ambao hawakuwa wakishughulika na minyoo. Walitaka kujua mbu huishi muda gani. Walitumia ufundi uliobuniwa na mtafiti wa Kisovieti, Polovodova, wa kuchunguza ovari ya mbu: kila anapotaga, mbu hubakiwa na kifundo kidogo kwenye kikonyo cha yai, na anayejua kuvisoma vifundo hivyo anaweza kuhesabu mbu ametaga mara ngapi. Walipasua maelfu ya mbu wa eneo la Muheza na mwaka 1965 wakachapisha matokeo. Wengi walikuwa vijana, na wachache sana walikuwa wametaga zaidi ya mara kumi. Mbu hutaga kila baada ya siku mbili tatu hivi. Ni mbu wachache tu, waliofikisha wiki mbili au zaidi, ndio wenye umri wa kutosha kumeza kinyoo, kukilea kwa siku kumi na mbili na kukifikisha kwa mtu. Katika kijiji chenye mbu wengi kupindukia, matende hutegemea vikongwe.

Kuna jambo jingine ndani ya mbu, dogo hata kwa kipimo cha hadubini. Koo la anofelesi lina safu ya meno. Damu inapopita, meno hayo huchana vinyoo vingi kabla havijafika tumboni. Mtu mwenye vinyoo vingi kwenye damu huweza kumpa anofelesi vya kutosha, vingine vikachanwa na vingine vikapita. Mwenye vichache humpa mbu vinyoo ambavyo vyote huishia kooni. Kuleksi hana meno ya namna hiyo, naye huweza kuulea mnyoo hata damu ikiwa na vinyoo vichache. Tofauti hii ina uzito. Pale ambapo mwenezi ni anofelesi, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Korogwe na Handeni, vinyoo vikipunguzwa chini ya kiwango fulani ugonjwa hufa wenyewe. Ilitokea Visiwa vya Solomon: DDT iliyopulizwa majumbani dhidi ya malaria ilifuta matende bila mtu yeyote kupewa kidonge cha matende.

Pale penye kuleksi mambo ni magumu zaidi, na huhitaji ujanja. Makunduchi, kusini mwa Unguja, Caroline Maxwell, Chris Curtis na wenzao walimwaga punje za polistirini kwenye vyoo vya shimo vyenye maji mwishoni mwa miaka ya 1980. Punje zilielea na kufunika maji. Kuleksi hakuweza kutaga, na viluwiluwi walikosa hewa. Dawa ilitolewa kwa wakazi kwa mkupuo mmoja. Watu wenye vinyoo kwenye damu, waliokuwa karibu nusu, walishuka baada ya miaka mitano hadi chini ya mmoja kati ya ishirini. Ni nadra kwa malighafi ya vifungashio kuleta heshima kubwa kiasi hicho.

Si minyoo yote inayoishi ndani ya mbu iliyo adui wa mtu. Ipo jamii nyingine, mermithidi, ambayo humwingia kiluwiluwi majini, hujilaza ndani yake ikinenepa kwa siku kadhaa, kisha hutoboa na kutoka, na mwenyeji wake hufa palepale. James Muspratt aliikuta kwa mbu wa Livingstone, Zambia ya leo, katika miaka ya 1940. Miaka ya 1970 Wamarekani walimwaga mermithidi waliofugwa maabara katika Ziwa Apastepeque, El Salvador, na viluwiluwi vya anofelesi vikapungua kwa asilimia 94. Kampuni moja ilijaribu kuwauza kwa jina la Skeeter Doom, lakini mayai yaliharibika safarini na biashara ikafa. Katika nchi ya malambo na madimbwi ya msimu kama Handeni, wazo hilo linavutia kwenye karatasi. Kwa vitendo, mnyoo wa kufugwa unaotakiwa kufika hai kijijini kwa njia ya vumbi ni kazi nyingine.

Kwa binadamu, dawa ya kwanza ya maana dhidi ya matende ilikuwa DEC, iliyogunduliwa mwaka 1947. Iliviua vinyoo vya damuni upesi, mara nyingine upesi mno: mtu aliyekuwa mzima jana aliamka na homa, kichwa kikimgonga, korodani ikimuuma kwa sababu minyoo ilikuwa inakufa ndani yake. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979 na kurithi kituo cha Amani, walishirikiana na Wadenmark kulinganisha njia nne za kuitoa DEC katika vijiji vya Tanga. Mojawapo ilikuwa kuichanganya na chumvi ya mezani. Chumvi ilifanya vizuri sana, na vilevile dozi ndogo ya kila mwezi, kuliko vidonge vya siku kumi na mbili mfululizo. Mboga ya jioni ilifanya kazi ya mganga.

Chumvi hiyo haikupata nafasi ya kuenea, na aliyeizuia ni mdudu mwingine kabisa. Vijito vya Usambara, upande wa Korogwe, Muheza na Lushoto, vina inzi mdogo mweusi anayeeneza usubi, ugonjwa wa mnyoo mwingine unaokaa chini ya ngozi na kuweza kufika machoni. Mtu mwenye usubi akipewa DEC, vinyoo vinavyokufa ngozini na machoni humletea mateso makubwa, na huweza kumdhuru macho. Tanzania ikachagua ivermektini pamoja na albendazoli. Ivermektini ilitokana na kijidudu cha udongo aliochukua Satoshi Ōmura karibu na uwanja wa gofu nchini Japani. Yeye na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kampuni ya Merck ilianza kuitoa bure kwa usubi mwaka 1987 na mwaka 1998 ikaongeza matende. Dawa hiyo haimuui mnyoo mzima. Huondoa vinyoo kwenye damu kwa miezi mingi, kwa hiyo lazima imezwe kila mwaka mpaka minyoo mizima ife kwa uzee. Na ina zawadi ya pembeni: mbu wa anofelesi akimuuma mtu aliyeimeza siku za karibuni, mara nyingi hufa.

Mpango wa taifa ulianzia Mafia mwaka 2000 na kufika mkoa wa Tanga mwaka 2004. Wagawa dawa walichaguliwa na vijiji vyenyewe. Walipita na fimbo ya kupimia urefu, kwa sababu dozi hutegemea kimo cha mtu, wakamwona mtu akimeza mbele yao. Serikali iliyaita magonjwa haya magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, jina refu lakini la kweli. Zoezi likaitwa kingatiba. Neno lilieleweka, sababu haikueleweka kwa wote. Mtu mzima asiye na uvimbe aliuliza kwa nini anywe dawa ya busha. Uvumi ulienea kwamba vidonge vinamaliza nguvu za kiume au vinazuia uzazi, na waliomeza wakapata homa walionekana kuuthibitisha. Waanthropolojia Tim Allen na Melissa Parker, waliofuatilia ugawaji huo Tanga, walizikuta shaka hizo vijijini na wakaonya kwamba takwimu za ofisini na vidonge vilivyomezwa si kitu kimoja.

Hata hivyo vinyoo vilipungua. Katika kijiji cha Kirare, nje kidogo ya jiji la Tanga, karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na vinyoo kwenye damu kabla ya mwaka 2004. Baada ya mizunguko kadhaa walibaki wachache mno. Dawa ilistahili sifa. Lakini miaka hiyohiyo kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelipanga. Katika vijiji viwili vya kaskazini mashariki mwa Tanzania ambavyo havikuwa na kampeni ya vyandarua, Dan Meyrowitsch na wenzake waliona mitego yao ikiacha kushika mbu: zaidi ya 5,300 mwaka 2004, na 14 tu mwaka 2009. Mvua zilizobadili mwendo zilitajwa kama sababu moja. Kwingineko vyandarua vilikuwa vinaongezeka. Hati Punguzo kwa wajawazito ilianza mwaka 2004, kisha ugawaji wa bure ukafuata. Katika vijiji vya tambarare za Korogwe, watu waliopimwa na kukutwa na vimelea vya malaria walishuka kutoka asilimia 78 mwaka 2003 hadi 13 mwaka 2008. Korogwe ikajulikana duniani kwa majaribio ya chanjo ya malaria RTS,S, yaliyofanyika pamoja na Kilifi, Kenya. Mnyoo wa matende, ambao uhai wake hutegemea mbu mzee na maelfu ya kuumwa, ulikuwa unaporomoka kimyakimya.

Mbu waliobaki si walewale. Utafiti wa Yahya Derua na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba gambiae halisi, aliyetawala zamani, amepungua sana na nafasi yake kuchukuliwa na arabiensis na ndugu yao mwingine, merus. Arabiensis huuma nje, huuma mapema, huuma ng'ombe. Chandarua humkosa akiwa barazani na watu wanaoongea. Bado ana meno kooni kama anofelesi wengine, na hilo ni la faraja kwa wanaohesabu vinyoo. Upimaji wa siku hizi hutumia kipimo cha haraka kinachotambua dalili za mnyoo mzima hata kwa damu ya mchana. Wanaopimwa ni watoto wa miaka sita na saba, kwa sababu mtoto aliyezaliwa baada ya kingatiba kuanza akikutwa na alama ya mnyoo, maana yake mbu bado wanaubeba. Kati ya halmashauri zaidi ya mia moja za Tanzania zilizokuwa na ugonjwa, nyingi zimekwisha acha kugawa dawa.

Waliokwisha umia hawahesabiwi na vipimo hivyo. Busha huondolewa kwa upasuaji usio mgumu, unaofanywa katika hospitali za wilaya na kwenye kambi maalumu, na wanaume wengi waliojitokeza walikuwa wamelificha miaka kumi au ishirini. Matende ya mguu hayana kisu. Yana sabuni na maji: kuosha mguu kila siku, kukausha katikati ya vidole, kupaka dawa penye mchubuko, kuuinua mguu wakati wa kulala, ili vijidudu visipenye na kuamsha zile homa. Korogwe hilo linawezekana. Katika vijiji vya Handeni ambako dumu la maji hununuliwa na foleni ya kisima huanza alfajiri, mgonjwa hupima mguu wake na chungu cha ugali. Bomba kuu la Handeni, HTM, linalochota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha Handeni, lilijengwa kwa ajili ya kunywa na kupika. Upanuzi wake umewekwa chini ya mradi wa maji wa miji 28, unaogusa pia Muheza na Pangani.